Nani Atamchukua Sungura?

Katikati ya mwaka 2023, wakazi wa Jenada Isles, mtaa wa nyumba 81 katika mji wa Wilton Manors, Florida, walikuwa wakiamka na kukuta sungura wamejilaza kwenye njia za kuingilia magari, chini ya vichaka na juu ya nyasi za mbele ya nyumba. Makadirio yalisema wako kati ya 60 na 100. Hawakuwa sungura wa porini. Walikuwa wa aina ya lionhead, wadogo, wenye manyoya marefu yaliyozunguka kichwa kama ya simba dume, aina iliyozalishwa na binadamu ili ikae ndani ya nyumba na kubembelezwa. Miaka miwili hivi kabla, mtu mmoja aliyekuwa akiwazalisha uani kwake alihama. Wale waliobaki mikononi mwake aliwaachia mtaani, akaenda zake.

Gharama ikawaangukia waliobaki. Sungura walichimba mashimo, wakatafuna nyaya za umeme za nje, wakaacha vinyesi vyao kila mahali. Wao wenyewe waliteseka pia, kwa sababu manyoya mazito katika joto la Florida ni adhabu, na mnyama aliyelelewa mikononi mwa watu hajui kumwogopa mwewe wala gari. Mwezi Aprili baraza la mji lilipiga kura waangamizwe, baada ya kampuni ya kutega wanyama kutaja bei ya dola 8,000. Wakazi waliowaonea huruma wakaja juu. Waliomba muda wa kuchangisha fedha ili sungura wakamatwe wakiwa hai, wahasiwe, wachanjwe na kutafutiwa watu wa kuwatunza. Kazi hiyo, ambayo shirika la East Coast Rabbit Rescue lilikuwa tayari kuifanya, ilikadiriwa kugharimu kati ya dola 20,000 na 40,000.

Yule mfugaji alipokuwa akifunga virago, sungura wake huenda walikuwa bado wachache. Kuwatafutia watu wakati huo kungetaka simu kadhaa, maswali ya ana kwa ana na majuma machache ya subira. Hiyo ndiyo kazi inayozungumzwa hapa. Mtu yeyote anaweza kuifanya, lakini ina mambo yake, na anayeikimbilia kwa pupa humponza mnyama.

Sungura wa ndani akitunzwa vizuri huishi miaka minane hadi kumi na miwili. Wengi hawaambiwi hivyo siku ya kununua. Mtoto wa miaka tisa anayeletewa kinyama cha manyoya wakati wa Pasaka atakuwa amemaliza sekondari wakati mnyama huyo angali anadai nyasi zake kila asubuhi. Katikati hapo familia huhama, mwenye nyumba hukataza wanyama, kazi hubadilika, ndoa huvunjika, mtoto huenda shule ya bweni. Nchini Marekani vituo vya kutunza wanyama vinajulikana kwa kupokea sungura wengi miezi michache baada ya Pasaka, pale kile kinyama cha kikapuni kinapobalehe, kinapoanza kutia alama ya mkojo kwenye makochi na kuuma vidole.

Ndiyo maana watu wenye uzoefu huanza kwa kuuliza kama kweli sungura anahitaji kuhama. Sungura hubalehe akiwa na miezi minne hadi sita, na tabia nyingi zinazowachosha watu huletwa na homoni: kunyunyiza mkojo, kumzunguka mtu miguuni, kushambulia mkono unaoingia bandani, kufukua zulia. Akihasiwa, tabia hizo hupungua sana katika wiki zinazofuata, na sungura yuleyule aliyeitwa mkorofi hujifunza kutumia beseni la choo bila shida. Hata mzio unaotajwa mara kwa mara kuwa sababu ya kumtoa mara nyingine hautoki kwa sungura bali kwa vumbi la nyasi kavu anazokula, na kubadili aina ya nyasi au mahali pa kuziweka huweza kumaliza kupiga chafya. Kwa jike kuna sababu nzito zaidi ya kuhasiwa: majike wasiohasiwa wanapozeeka hupata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha kutisha.

Lakini zipo sababu zisizo na dawa. Familia inayohama kutoka Sydney kwenda Brisbane, kwa mfano, haina la kufanya. Jimbo la Queensland, uliko mji wa Brisbane, linakataza kabisa kufuga sungura nyumbani, isipokuwa kwa watu wachache wenye kibali maalumu, wakiwamo wafanya mazingaombwe. Katazo hilo lina historia. Mwaka 1859 tajiri mmoja wa jimbo la Victoria, Thomas Austin, aliachia sungura wapatao 24 kutoka Uingereza kwenye shamba lake la Barwon Park ili apate wa kuwinda. Uzao wao ulienea sehemu kubwa ya Australia, ukala malisho na kuharibu ardhi kiasi kwamba nchi hiyo bado inapambana nao.

Kisa cha Austin na kile cha Wilton Manors vinapaswa kuzima wazo moja ambalo huwajia hata watu wenye moyo mwema, wazo la kumwachia sungura "akaishi kwa uhuru." Australia sungura wa porini waliitafuna nchi. Florida sungura wa nyumbani walikuwa wakiungua na jua barabarani. Afrika Mashariki huenda wasifike hata huko. Sungura tunaofuga majumbani asili yao ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, na wote ni wa spishi moja iliyofugwa Ulaya kwa karne nyingi. Wale wanaoonekana usiku wakikatiza barabara ya Voi au mbuga za Serengeti ni ukoo mwingine. Hawachimbi mashimo ya kuishi, watoto wao huzaliwa macho yakiwa wazi na manyoya yameshaota, na hawawezi kuzaa na sungura wa kufugwa. Sungura mweupe wa Kileleshwa akitupwa msitu wa Karura hakuti ndugu wala shimo. Mbwa, kanu, chatu na paka wa mtaani watamwona kabla yeye hajaona pa kujificha. Katika nchi nyingi jambo hilo ni kosa pia. Jimbo la California, kwa mfano, linalitaja waziwazi katika sheria yake ya jinai kuwa kumtelekeza mnyama ni hatia.

California ndiyo iliyowapa sungura wa ndani watetezi wao wa kwanza waliojipanga. Mwaka 1985 Marinell Harriman alichapisha kitabu, House Rabbit Handbook, akieleza jinsi ya kuishi na sungura ndani ya nyumba kama watu wanavyoishi na paka, jambo ambalo wakati huo wengi waliliona geni. Miaka mitatu baadaye, 1988, yeye na wenzake wakaanzisha House Rabbit Society. Wanachama wake waliwachukua sungura waliokuwa wakingoja kuuawa katika vituo vilivyojaa, wakakaa nao majumbani mwao kwa muda, wakawatibu na kuwahasi, kisha wakawatafutia watu. Mtindo huo wa kulea kwa muda ndio ulioenea. Una faida ambayo banda la kituo haliwezi kuitoa: aliyekaa na sungura sebuleni kwa mwezi mzima anajua kama anaogopa watoto, kama anamvumilia paka, kama anatafuna nyaya. Maelezo hayo ndiyo yanayomkutanisha mnyama na mtu anayemfaa.

Sheria nazo zikafuata. Januari 2019 maduka ya wanyama ya California yalikatazwa kuuza mbwa, paka na sungura isipokuwa waliotoka vituoni au kwenye mashirika ya uokoaji. New York ilipitisha sheria ya kukataza maduka kuuza wanyama hao watatu, ikaanza kutumika Desemba 2024. Uingereza kuna RSPCA, Blue Cross na mashirika madogo mengi ya sungura peke yao, na mtu anayetaka kutoa sungura huko kwa kawaida huandikishwa kwenye foleni. Foleni yenyewe huweza kuwa ndefu. Mwenye sungura huambiwa aendelee kukaa naye hadi nafasi ipatikane, au asaidiwe kumtangaza akiwa angali nyumbani kwake, jambo ambalo kwa mnyama ni bora kuliko kuhamishwa mara mbili.

Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hali si hiyo. Chama cha kutetea wanyama cha Kenya, KSPCA, chenye makao Karen, Nairobi, kinajulikana kwa mbwa, paka na punda, na huwa ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia, lakini mtandao wa watu wanaolea sungura wa ndani kwa muda haujajengeka kama ule wa California. Sungura katika eneo hili ni mfugo kwanza. Wanafunzi wa klabu za 4K nchini Kenya wamewafuga shuleni kwa vizazi, nyama yake inapendwa kwa kuwa haina mafuta mengi, na mkojo wake unauzwa kwa wakulima kama mbolea ya kunyunyiza majani. Hakuna aibu yoyote katika ufugaji huo. Ila familia iliyomlea sungura sebuleni kwa miaka minne, ikampa jina na kumzoeza kuja akiitwa, inapaswa kujua kwamba wengi watakaojitokeza kumchukua watakuwa wanawaza sufuria au kuzalisha, na wala hawatakuwa wanaficha. Hawajaulizwa tu.

Hapo ndipo neno "bure" linapoleta balaa. Tangazo la kundi la WhatsApp la mtaa linalosema sungura anatolewa bure, aje mtu wa kwanza, huvuta watu wa haraka. Wapo wanaotaka kitoweo. Wapo wanaokusanya wanyama wa bure ili wawauze sokoni siku inayofuata. Katika nchi ambako watu hufuga nyoka wakubwa, wapo wanaotafuta chakula cha chatu. Mashirika ya uokoaji karibu yote hutoza ada, na lengo lake si kulipia dawa na kuhasi tu: aliye tayari kulipa kiasi kidogo amekwisha kufikiria mara mbili. Mtu binafsi naye anaweza kutaja bei ya kawaida, kisha, akishamwamini aliyekuja, amrudishie fedha hiyo kwa kumnunulia robota la nyasi.

Tangazo zuri husema ukweli wote. Umri, jinsia, kama amehasiwa na lini, anakula nini, amezoea joto au baridi, anapenda kushikwa au hapendi. Picha iwe ya karibuni, mnyama akiwa mahali anapoishi. Kasoro zitajwe. Sungura aliyewahi kuumwa meno ataumwa tena, kwa sababu meno ya sungura hukua maisha yote na yakikaa vibaya hulazimu kukatwa mara kwa mara. Anayefichwa habari hiyo hukuta bili asiyoitarajia, na mnyama hutolewa tena. Jinsia nayo ihakikishwe na mtu anayejua. Wachanga ni vigumu kuwatambua, na "majike wawili" wengi wamegeuka kuwa baba na mama. Mimba ya sungura huchukua takribani siku 31, na jike anaweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa. Dume aliyehasiwa naye asiwekwe na jike siku hiyohiyo, maana huweza kuendelea kutungisha mimba kwa wiki kadhaa.

Watu wa kwanza wa kuulizwa ni wale wanaomjua mnyama: jirani anayemlisha familia ikisafiri, shangazi ambaye akija humkalia sakafuni, mfanyakazi mwenza aliyekwisha kuwa na sungura. Daktari wa wanyama anayemtibu naye huwa anawafahamu wateja waliofiwa na sungura mmoja wa jozi na wanamtafutia mwenzake. Hao ni hazina. Wana banda, wana uzoefu, na wana sababu ya kweli ya kutaka.

Kisha kuna maswali, na swali moja hufungua mengi kuliko yote: huyo anayekuja anadhani sungura anakula nini? Akijibu karoti, si kosa lake, vitabu vya watoto vimemfundisha hivyo. Karoti ina sukari nyingi na inafaa kipande kidogo tu mara mojamoja. Sehemu kubwa kabisa ya mlo, mchana na usiku, ni nyasi: mbichi safi zisizopuliziwa dawa, au kavu. Nchini Kenya marobota ya Boma Rhodes yanayouzwa kwa wafugaji wa ng'ombe yanamfaa, mradi hayana ukungu wala vumbi jingi. Nyasi husaga meno na huendesha utumbo. Majani ya mboga ni nyongeza, na chakula cha punje cha dukani ni kiasi kidogo. Majani ya mparachichi, ya nyanya na ya viazi ulaya ni sumu kwake. Anayesikia maelezo haya na kuanza kuuliza nyasi zinapatikana wapi anafaa kuliko anayejibu kwamba atampa mabaki ya ugali.

Swali la pili ni mahali. Shirika la Uingereza la Rabbit Welfare Association & Fund, lenye kampeni ya miaka mingi dhidi ya vibanda vidogo, linapendekeza jozi ya sungura ipewe eneo la mita 3 kwa 2, lenye kimo cha mita 1, wakati wote, si la kutolewa nje kwa saa moja. Vibanda vingi vya mbao vinavyouzwa havifiki hata theluthi ya hapo; mnyama anaruka mara mbili anagonga ukuta. Nyumba ya kupanga inaweza kutosha kabisa ikiwa atapewa kona ya sebule iliyozungushiwa wavu, na kuachiwa chumba kizima watu wakiwapo.

Kwa hiyo mwenye kumtoa aende akapaone, na akiwa pale aangalie chini, kwenye kimo cha sungura. Nyaya za chaja na za televisheni zinaning'inia au zimefunikwa kwa mpira? Kuna upenyo nyuma ya friji anaoweza kuingia asitoke? Sakafu ni ya vigae? Nyayo za sungura zina manyoya tu, hazina nyama ngumu kama za paka, hivyo huteleza kwenye vigae, na asiyepata mkeka au zulia hujikunyata kona moja siku nzima. Mbwa wa nyumba humtazama vipi? Kibaraza kinapigwa na jua saa ngapi? Hili la mwisho ni la kufa na kupona Mombasa, Dar es Salaam, Muscat. Sungura hatoki jasho. Hupoza mwili hasa kwa masikio, na joto likifika nyuzi 30 yuko hatarini. Banda la mabati lisilo na hewa linaweza kumuua mchana mmoja. Kivuli cha kweli, upepo, maji ya kutosha, na chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kwa kitambaa ili aegemee: nyumba iliyokwisha kufikiria mambo hayo haihitaji kusailiwa sana.

Watoto si tatizo, mradi mtu mzima ndiye mwenye dhamana. Sungura ni mnyama wa kuwindwa. Kuinuliwa juu, kwake, ni kukamatwa. Akipiga mateke kwa hofu mikononi mwa mtoto anaweza kujivunja uti wa mgongo, maana miguu yake ya nyuma ina nguvu kuliko mifupa inavyostahimili. Kumshika masikio ni ukatili, hata kama wengi walikua wakiona ikifanywa. Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote isipokuwa mahali padogo mbele ya pua yake, ndiyo maana mkono unaoletwa moja kwa moja usoni humshtua. Mtoto akifundishwa kukaa sakafuni, kunyamaza na kumngoja, baada ya siku kadhaa sungura atakuja mwenyewe, atamnusa goti, atamgusa kwa pua na kurudi nyuma. Familia ambayo watoto wake wanaweza kukaa hivyo hata kwa dakika kumi wakati wa kutembelea inatia moyo sana.

Daktari ni swali la tatu, na huku kwetu ndilo gumu. Madaktari wengi wamezoea ng'ombe, kuku na mbwa, na sungura ana mambo yake. Amoksilini ya kumeza, dawa inayopatikana kila duka la dawa, inaweza kumuua kwa kuharibu vijidudu vya utumboni mwake. Dawa za viroboto na kupe za mbwa zenye fiproni ni sumu kwake. Kabla ya upasuaji hafungishwi kula kama mbwa, kwa kuwa hawezi kutapika na utumbo wake haupaswi kukaa bure. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula wala kunya ni wa kukimbizwa kwa daktari usiku huohuo, si wa kungojwa hadi Jumatatu. Anayempokea ajue hayo, na awe na jina na namba ya daktari aliyekwisha kumtibu sungura walau mara kadhaa. Mwenye kumtoa amtajie wa kwake. Katika nchi zenye chanjo aulize pia habari za ugonjwa wa sungura wa kutokwa damu. Aina yake ya pili ilionekana mara ya kwanza Ufaransa mwaka 2010, ikasambaa Ulaya na kwingineko, na huua ghafla hata wanyama wasiokuwa na dalili yoyote.

Kuhusu wenza, hakuna haja ya kubishana: sungura walioshikamana wasitenganishwe. Hulala wakigusana, hulambana vichwa, na mmoja akiondolewa mwingine huweza kuacha kula. Ni rahisi kumpata mtu wa kumchukua mmoja kuliko wawili, na kishawishi cha kuwagawa ni kikubwa, hasa muda unapobana. Kishindwe. Aliye peke yake anaweza kupelekwa kwenye nyumba yenye sungura mwingine, ila wasitiwe pamoja bandani siku ya kwanza. Watapigana, na sungura hupigana kwa meno na kucha hadi damu. Wote wawe wamehasiwa, wakae mabanda jirani wakinusana kupitia wavu, wabadilishiwe matandiko, kisha wakutanishwe kwa muda mfupi mahali ambapo hakuna hata mmoja wao anapahesabu kuwa pake. Hili huchukua siku, mara nyingi majuma. Asiye na subira hiyo apewe sungura aliyezoea kuwa na watu, naye awe na nafasi ya kukaa naye muda mrefu kila siku.

Siku ya kumkabidhi ichaguliwe yenye utulivu na safari iwe asubuhi, kabla ya joto. Kasha gumu lenye matundu ya hewa, taulo chini asiteleze, nyasi konzi moja. Asipandishwe bodaboda kwenye mfuko. Pamoja naye viende vitu vyake: bakuli, beseni la choo likiwa na nyasi kidogo zilizokwisha kutumika, na kitambaa ambacho hakikufuliwa, ili mahali pageni pawe na harufu anayoijua. Chakula cha wiki mbili kiende pia, kwa sababu kubadili mlo ghafla huvuruga tumbo; kipya huchanganywa na cha zamani kidogokidogo. Asiogeshwe kabla ya kwenda "ili awe nadhifu." Sungura hujisafisha mwenyewe, na kutumbukizwa majini kunaweza kumuua kwa mshtuko.

Usiku wa kwanza atajificha. Aachwe. Anachopaswa kufanya mwenyeji mpya ni kuhesabu vinyesi, au tuseme kuvikadiria: sungura mzima huacha vidonge vya mviringo zaidi ya mia kwa siku, vikavu, vyenye ukubwa wa kunde, na ukivivunja unaona nyasi zilizosagika. Vikipungua, vikawa vidogo au vikakosekana, ndiyo dalili ya mapema kuliko zote kwamba kuna jambo. Mnyama wa kuwindwa huficha maumivu. Beseni lake halifichi. Vile vingine laini vinavyong'aa, vilivyoshikamana, huvila mwenyewe moja kwa moja, mara nyingi usiku, na ndivyo inavyotakiwa, kwani ndimo anamopata vitamini na protini zilizotengenezwa tumboni mwake.

Vituo vingi vya Uingereza na Marekani huandika kwenye mkataba kwamba ikishindikana, sungura arudishwe kituoni na asipewe mtu wa tatu. Watu binafsi wanaweza kuandikiana vivyo hivyo kwenye karatasi moja: jina la mnyama, umri, tarehe ya kuhasiwa, daktari wake, namba za simu za pande zote mbili, na sharti la kurudishwa. Wakubaliane kupigiana simu siku ya tatu, mwisho wa wiki ya kwanza na mwisho wa mwezi. Simu ya siku ya tatu ndiyo yenye maswali mengi, na sauti ya aliyempokea hueleza zaidi kuliko maneno yake. Akisita, aulizwe bila kumlaumu. Aliyemtoa naye, hata kama nafasi nyumbani ni finyu na mashuka yamekwisha kupakiwa, asiuze banda wala kugawa wavu kabla mwezi huo haujaisha.